Msikilizaji wa Tundu la Kumi na Tisa

Spika zilikuwa kumi. Fundi alizifunga mwenyewe, moja moja, akipanda ngazi na kushuka, hata goti likamuuma siku tatu. Tatu wodi ya wanaume, tatu wodi ya wanawake, mbili kwa wazazi, moja dirisha la dawa, moja juu ya ngazi. Lakini asubuhi ile ya Jumanne, alipofungua kompyuta kuangalia orodha ya wanaojibu, alikuta kumi na moja.

Alihesabu tena kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kumi na moja.

Wa kumi na moja alikuwa kwenye tundu la kumi na tisa. Fundi aligeuka akaitazama swichi, kile kisanduku chenye matundu ya kugawia nyaya, ndani ya kabati lake. Tundu la kumi na tisa halikuwa na waya. Taa yake ndogo ilikuwa imezimika. Na bado orodha ilisema kwamba aliyeko pale amejibu sekunde mbili zilizopita, kabla ya wenzake wote.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana bila hiyo hofu yake haieleweki. Mtangazaji wa hospitali ile hukaa mapokezi, chini. Akisoma tangazo, sauti inaingia kwenye swichi kubwa ya chini, inapanda kwa waya mmoja hadi swichi ndogo ya ghorofa ya pili, na hiyo ndogo ndiyo inayoigawa wodini. Haigawi ovyo. Kila baada ya dakika mbili hivi inauliza, kwa lugha ya mashine: nani bado anasikiliza? Spika inayojibu inabaki katika kundi. Isiyojibu inafutwa. Kisha swichi ndogo inapeleka habari kwa kubwa: huku juu wasikilizaji wapo, endelea kuleta.

Tatizo lilikuwa usingizi. Spika zile zikikaa kimya muda mrefu zinalala, swichi ndogo inadhani watu wameondoka, na swichi kubwa inaacha kuleta. Tangazo likija, maneno ya mwanzo yanapotea wakati zinaamka. Siku moja aliitwa mume wa mama aliyejifungua kitanda cha saba. Juu yalifika maneno "kitanda cha saba, hongera sana" tu, na wanaume watatu wakatoka mbio kutoka wodi tatu, mmoja wao babu wa miaka sabini.

"Babu, hongera," alisema Nesi Redio, muuguzi wa wodi ya wazazi aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki. "Ila bibi ajue kwanza."

Fundi aliona haya. Badala ya kukaa na mashine mpaka aelewe, akafanya njia ya mkato ambayo mafundi wengi wanaijua: aliandika msikilizaji wa kudumu kwenye tundu tupu, ili sauti isikauke kamwe. Msikilizaji huyo si kitu. Ni mstari mmoja tu wa maandishi. Hajibu, wala hatokei kwenye orodha ya wanaojibu. Mashine ilitaka jina la kuweka kando ya tundu hilo. Wengine huandika "jaribio". Wengine huacha wazi.

Tundu alilolichagua lilikuwa la kumi na tisa. Zamani waya wake ulikwenda kwenye chumba kidogo cha mwisho wa ukumbi, alikokuwa akikaa mtangazaji wa kwanza, mkewe, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alitangaza miaka tisa. Kila siku saa kumi na moja jioni sauti yake ilipita wodini: "Muda wa kutembelea wagonjwa umekwisha. Wageni wote tunawaomba mtoke." Watu walikuwa wakitoka wakitabasamu. Alipofariki, chumba kilifungwa, waya ukachomolewa.

Fundi alikaa kitambo mbele ya kile kiboksi cha jina. Kisha akaandika: mke wangu.

Hakufikiri kwamba ni kuita. Aliyezika mwenzake huandika na kusema mambo mengi akiwa peke yake, na Mungu anamsamehe. Lakini si Mungu peke yake anayesikia.

*

Alikuwa ameoa tena, miezi sita tu. Kazini walimwita huyo mke wa pili Bibi Arusi, na jina likamganda. Ndiye aliyekalia kiti cha mtangazaji. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho makali, na jambo moja lilimla moyo: hakuna aliyemsifia sauti yake bila kutaja ya marehemu.

"Unasoma vizuri, Bibi Arusi," Nesi Redio alimwambia siku moja. "Si kama yule, yule alikuwa asali. Lakini na wewe unakwenda kwenda."

"Nakwenda kwenda wapi?"

"Ah, mwenzangu, usinune. Wivu na maiti utakula nini?"

Jioni ile alimuuliza mumewe wakiwa mezani, "Sauti yangu na yake, ipi?"

Fundi alitafuna. Akatafuna tena. "Kila mtu na sauti yake," akasema.

Hilo lilikuwa jibu baya, na wote wawili walijua.

Siku ya Jumanne ile, basi, Fundi alipoona kumi na moja, alipaswa kufuta mstari ule palepale. Badala yake alisogeza uso karibu na kabati. Ndani mlitoka harufu. Haikuwa ya plastiki ya moto wala ya vumbi. Ilikuwa kafuri, ile inayowekwa kwenye maji ya mwisho ya kuoshea maiti.

Alivaa hedifoni zake za kupimia sauti, akazichomeka. Chini, Bibi Arusi alikuwa akisoma tangazo la dirisha la dawa. Fundi alimsikia vizuri. Alipomaliza, palipita kimya kifupi, halafu sauti nyingine, ya chini, ya pole, ikarudia tangazo lile lile tangu mwanzo, kama mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi. Ilipofika mwisho ikavuta pumzi.

"Anaharakisha," ilisema. "Mpole, mwambie asiharakishe."

Mpole. Hakuna mtu duniani aliyemwita hivyo isipokuwa mmoja.

Alipaswa kutamka jina la Mola wake. Kinywa kilifunguka, na kikasema, "Ni wewe?"

"Si umeniandika mwenyewe?"

*

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Kila siku, watu wakienda kula mchana, alijifungia chumba cha mitambo. Alimweleza habari za goti lake, za paa linalovuja. Sauti ilimjibu kwa upole, ila ikawa na swali moja inalolirudia: "Anakupikia? Anakuuliza umelalaje? Anakaa kwenye kiti changu au kile kingine?" Alipojibu kwamba Bibi Arusi ni mke mwema, hedifoni zilijaa mkwaruzo mkali, kama ukucha juu ya bati, akazivua haraka. Kisha akazivaa tena.

Wiki hiyo hiyo sauti ya Bibi Arusi ilianza kuliwa.

Kwanza lilikuwa neno moja. Alisoma "Wageni wote tunawaomba mtoke" na wodini ikafika "Wageni wote." Wageni wakakaa. Halafu likawa nusu ya tangazo. Daktari alimmulika kooni, akasema koo ni zima kama la mtoto. Ijumaa aliamka akizungumza kwa mnong'ono, na mkono wake ulikuwa juu ya kifua kama mtu aliyekimbia.

"Labda mafua," alisema Fundi, bila kumtazama.

"Mafua hayaji na kafuri." Mnong'ono wake ulikuwa mkavu. "Unarudi nyumbani unanuka maiti. Uko na nani huko juu?"

"Na mashine."

"Mashine haimfanyi mwanamume achane nywele." Alimwonyesha kitana mfukoni mwa shati lake la kazi. "Miezi sita sijakuona ukichana nywele mchana. Niambie jina lake tu. Nitanyamaza."

Fundi alifunga vifungo vya shati, akatoka.

Bibi Arusi alimfuata. Alisubiri mpaka saa saba, wakati ukumbi una jua jeupe na harufu ya dawa ya kufutia sakafu, akapanda kwa ngazi ya nyuma, akausukuma mlango wa chumba cha mitambo. Mumewe alikuwa ameketi na hedifoni masikioni, amefumba macho, anatabasamu. Hakumsikia. Bibi Arusi alitazama kompyuta. Hakujua mambo ya swichi, lakini kusoma alijua. Tundu la kumi na tisa: mke wangu.

Alimtikisa mumewe begani.

"Mimi," alisema kwa ile sauti iliyobaki, "umeniandika wapi?"

Fundi alifumbua macho. Kabla hajafungua kinywa, spika zote kumi za ghorofa ile zikaamka pamoja, na huko mapokezi kiti cha mtangazaji kilikuwa kitupu, na sauti ya marehemu, ile ambayo wazee wa wodi ya wanaume walikuwa wakiisubiri kila jioni kwa miaka tisa, ikapita juu ya vitanda, juu ya watoto wachanga, juu ya dirisha la dawa ambako mtu aliacha chupa ikadondoka, ikasema taratibu bila haraka yoyote:

"Hakuandikwa. Mimi ndiye niliyeandikwa."

Wodi ya wazazi, Nesi Redio aliangusha sinia la sindano na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akakosa la kusema.

Bibi Arusi alikaa chini sakafuni. Mdomo ulikuwa wazi lakini hewa haikuingia. Fundi alimshika mabega, akamwita, akampepea kwa daftari, na kwenye kompyuta akaona swichi ikiuliza swali lake, nani bado anasikiliza, na tundu la kumi na tisa likajibu, na hapo tu kifua cha mkewe kikapanda, kikavuta hewa kwa mlio wa mtu aliyetolewa majini. Akapumua. Midomo ikarudi rangi. Halafu dakika mbili zikaisha, swichi ikauliza tena, pumzi ikakatika tena, na safari hii aliyeko kule alichelewa kujibu. Alichelewa kwa makusudi, kama mtu aliyeshika mlango na kumwangalia mwenzake akibisha.

*

Nesi Redio ndiye aliyekimbia kumwita Mwosha. Mwanamke huyo alikuwa akiosha wanawake wanaofia hospitalini, kwenye chumba cha nyuma, na alikuwa dada mkubwa wa marehemu. Alipanda mikono ya gauni ikiwa bado imelowa. Tangu Fundi aoe, hawakuwa wakisalimiana ila kwa kichwa.

Aliitazama swichi, akamtazama mwanamke aliye sakafuni, akanusa.

"Kafuri yangu hiyo," alisema. "Nani ameileta huku?"

"Shemeji," Fundi alilia, "ni yeye. Amerudi. Ananiita Mpole."

"Shemeji, nyamaza. Mimi ndiye niliyemwosha mdogo wangu. Nilimfunga kwa mikono hii, nikamkabidhi kwa Mwenye kumiliki. Aliyekabidhiwa huko harudi kukaa kwenye tundu la waya. Kitu hicho kilikuwa hewani, kimesikia jina halina mtu, kikaitika."

"Anajua mambo yetu!"

"Anajua mliyoyasema kwa sauti humu ndani miaka tisa. Viumbe kama hao wanasikiliza, shemeji. Kazi yao ndiyo hiyo." Alichukua maiki ya kupimia iliyokuwa mezani. "Wewe uliyemo. Ukiwa ni mdogo wangu, niambie. Usiku wake wa mwisho tulikuwa wawili tu, naye hakuwa na sauti tena, aliniandikia kiganjani kwa kidole. Aliandika nini?"

Spika zilinguruma kidogo. Bibi Arusi alikuwa akivuta hewa kidogo kidogo, macho yamemtoka.

"Niliandika," ilisema sauti ya asali, "Mpole asinisahau. Mpole asiguse mwanamke mwingine."

Mwosha alifumba macho. Machozi yalimshuka, na hakuyafuta.

"Muongo," alisema. Kisha akamgeukia Fundi. "Aliandika: mwambie aoe. Herufi moja moja, akapumzika katikati. Mwambie aoe. Nimekuficha mwaka na nusu, shemeji. Nilishika wivu kwa niaba ya mdogo wangu hata baada ya kufa kwake. Nilisema huyu akipewa ruhusa atamsahau kesho. Na ulipooa bila ruhusa, nikafurahi kukuchukia. Mungu anisamehe. Sasa futa."

"Shemeji, nisomee dua kwanza..."

"Nitasoma. Lakini mkono ulioandika ndio ufute."

Fundi aliweka vidole kwenye kibodi. Mwosha alianza kusoma, sauti ya chini, iliyonyooka. Na hapo spika zikaanza kusihi, Mpole, Mpole wangu, ukinifuta nitakwenda wapi, nani atakayekuuliza umelalaje, yule anayekaa kwenye kiti changu na kuvaa kanga zangu na kuliita jina lako kana kwamba yeye ndiye aliyelizoea, na sauti ilizidi kuwa nyembamba na kali mpaka haikuwa tena ya mwanamke wala ya mwanamume, ilikuwa ukucha juu ya bati, na katikati ya mkwaruzo huo Fundi alisoma kwa mara ya mwisho yale maneno mawili aliyoyaandika kwa upweke wake, akayafuta herufi moja moja, kama yalivyoandikwa yale ya kiganjani.

Swichi iliuliza: nani bado anasikiliza? Wakajibu kumi.

Bibi Arusi alivuta pumzi ndefu, akaanza kulia kwa sauti. Ilikuwa sauti yake, nzima.

*

Siku tatu zilipita salama. Fundi aliziwekea spika amri ya kutolala, jambo ambalo angelifanya tangu mwanzo kama angesoma kijitabu cha maelekezo. Siku ya nne, mchana, Bibi Arusi aliposoma tangazo, neno la mwisho lilimezwa.

Hakupiga kelele. Alimfuata mumewe akamwambia kwa utulivu, "Hajatoka."

Fundi aligundua kosa lake akiwa amesimama palepale. Swichi ndogo hupeleka habari za wasikilizaji kwa kubwa. Juu alikuwa amefuta. Chini hakugusa.

Walishuka watatu, wao wawili na Mwosha, kwenye chumba cha chini kilichojaa mlio wa feni. Fundi alifungua orodha ya swichi kubwa. Msikilizaji mmoja wa ziada alikuwepo. Na kando yake palikuwa na jina, ambalo Fundi aliapa kwa Mungu kwamba hakuliandika yeye wala mtu yeyote mwenye mikono: mume wangu.

Mwosha alirudi nyuma hatua moja. Fundi alinyoosha mkono kwenye kibodi. Mkewe alikipiga kiganja chake.

"Toa," alisema. Sauti ilikuwa inakatika, lakini macho yalikuwa yale makali. "Wewe ulimwandika yeye, ukamfuta. Huyu amejiandikia mume wangu, basi ni wangu kumfuta. Nionyeshe pa kubonyeza."

"Atakukaba tena."

"Na akabe. Nimeona wivu miezi sita kwa mtu aliyelala zake kaburini, hana habari na mimi. Acha leo niuone kwa anayestahili."

Alimwonyesha. Alifuta kwa kidole kimoja, polepole, maana kuandika kwa mashine hakukuwa kazi yake. Taa za swichi zilitulia. Kafuri ikazidi, ikajaa chumba hata ikawasha macho, kama kitu kilichosimama karibu sana nao kikisubiri kuona kama watathubutu.

Saa kumi na moja ilikuwa imefika. Bibi Arusi alikwenda mapokezi, akaketi kwenye kiti, akavuta maiki. Mwosha alisimama nyuma yake akisoma. Fundi alisimama mbele yake, mahali ambapo angemwona.

"Muda wa kutembelea umekwisha," alisema. Hakuharakisha. Kila neno lilipanda zima. "Mgeni uliyekuja bila kuitwa na watu wa nyumba hii, au uliyeitwa kwa makosa, tunakuomba utoke."

Juu, wageni walianza kukusanya vyombo vyao na kushuka ngazi, kama kila siku. Wa mwisho alipopita, Nesi Redio aliona mlango wa chumba kidogo cha mwisho wa ukumbi, kilichofungwa kwa kufuli mwaka na nusu, ukifunguka taratibu. Hakuna aliyetoka. Lakini ulibamizwa kwa nguvu, kama anavyoubamiza mtu aliyeambiwa aondoke mbele ya mwenzake, na harufu ya kafuri ikampita Nesi usoni, ikashuka ngazi pamoja na wageni, ikatoka nao mlango mkubwa.

Kufuli lilikutwa sakafuni, limefunguka bila kuvunjwa.

Baadaye Fundi alimuuliza mkewe, bila kuulizwa kwanza, "Unataka kujua ipi?"

"Ipi nini?"

"Sauti."

"Ngoja kwanza uhesabu," alisema.

Akahesabu wanaojibu kwa kidole. Kumi.